Unga Uliofifia Chini ya Taa

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikaisimamisha kalamu, kama mtu aliyebisha hodi na kungoja. Basi niendelee tu.

Nakuandikia mchana. Mjukuu wako Asimwe amelala, Mama amekwenda kanisani na akina mama wenzake, na nyumba hii ya hapa mtaa wa Pasiansi iko kimya. Nimechoka, Baba. Sitakuficha. Siyo uchovu wa kufua, wala wa kusimama darasani kutwa nzima. Ni uchovu wa kuanza palepale kila asubuhi. Lakini wiki hii nimepata habari ambayo ni yako kabla ya kuwa yangu, na kaburi lako liko ng'ambo ya ziwa, kwenye kibanja chetu cha migomba kule Kagera, kando ya Babu na Baba mdogo Felisian. Nauli ya meli itangoja likizo. Kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza ya nyumbani. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanayomsumbua. Bado anakulaumu kwa ile sufuria kubwa. Ameisugua kwa mchanga na majivu, haikutakata, na haiuzi wala haitupi. Kile kiwanda cha nguo ulichokipa nguvu zako zote kimefungwa kabisa sasa. Kwenye ghala mlimokuwa mnapanga majora ya vitenge wanashusha marobota ya mitumba. Nilipita pale nikaona lori linapakua, nikasema heri hukuliona hilo. Viwanda vya minofu ya samaki ndivyo vinavyostawi, njia nzima ya uwanja wa ndege. Sangara wanapanda ndege, sisi tunanunua mapanki, mifupa iliyobaki. Ndiyo soko huria, wanasema. Wewe ulikuwa unasema, "Huria kwa nani?" halafu unarudi kwenye kazi yako.

Kazi yako. Ndiyo ninayotaka kuizungumza.

Nakumbuka mwaka ule walipokupunguza kazini. Ulirudi na koti lako jeupe la maabara umelikunja chini ya kwapa, ukakaa kibarazani, ukaomba chai. Wenzako walifungua vibanda, wengine wakaenda Geita kutafuta dhahabu. Wewe ulikaa tu nyumbani wiki kadhaa. Kisha ikaja ile homa ya ubavu, maumivu yaliyokukunja mpaka paji la uso likagusa sakafu. Tukakukimbiza hospitali ya kilimani. Kitandani ulikuwa unaita, "Maawe, maawe," kama mtoto wa Kihaya anavyomwita mama yake, na muuguzi, Msukuma wa watu, akakuinamia akasema kwa upole, "Ndiyo baba, ni mawe, tumeyaona kwenye picha." Mama alicheka huku analia. Hata wewe, ulipopata nafuu, ulikuwa unaisimulia kwa wageni.

Lakini siku ile ile ulinishika mkono ukaniambia jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Ulisema Babu alikufa hivyo hivyo, akilia ubavu. Baba mdogo Felisian alikufa hivyo kule Kamanga, akaacha watoto wadogo. "Watu wa nyumbani wanasema tumerogwa," ukasema. "Mimi nasema ni figo zetu."

Ulinieleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kwamba nyama na maharage na samaki vyote vimejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kwamba figo za watu wengine huvirudisha vipande hivyo kwenye damu, lakini kuna koo ambazo figo zao huachilia kimojawapo, sistini, kitoke na mkojo. Na sistini haiyeyuki vizuri. Mkojo ukiwa mzito inagandamana, mwisho inakuwa jiwe. Ukasema mtu anayejulikana mapema kuwa na figo hizo anaweza kuokolewa kwa maji. Maji tu, mengi, kila siku, maisha yake yote. Tatizo ni kumjua kabla jiwe halijaingia. Kipimo kilichokuwepo kilitaka sumu kali ambayo hospitali haikuwa nayo, na hata ingekuwa nayo, nani angeileta karibu na watoto?

Hapo ndipo ulipoanza habari ya unga.

Rafiki yako uliyesoma naye rangi za nguo kule kwenye nchi za baridi alikuwa bado anakutumia kurasa za majarida. Kwenye mojawapo ulisoma kwamba wataalamu wanaunganisha metali na tindikali fulani, wanapata unga ambao ndani yake una vyumba. Nilikuwa sielewi. Ukachukua kijiti, ukanipeleka nyuma ya nyumba, ukavunja kipande cha kichuguu. "Tazama," ukasema. "Nje kigumu. Ndani vyumba na njia tupu. Sasa ukifikirie kidogo kiasi kwamba kinachoweza kuingia chumbani ni kipande kimoja tu cha asidi amino." Na unga wa namna hiyo, ukasema, ukiumulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, wenyewe unawaka. Mgeni akiingia chumbani, mwanga unabadilika. Kiwandani mlikuwa na taa kama hiyo, ya kukagua weupe wa vitambaa, ndiyo maana ulilielewa jambo hilo haraka kuliko mtu mwingine yeyote wa mji huu.

Taa ya kiwandani iliuzwa pamoja na mashine. Ukaenda kwa rafiki yako mwenye duka la kubadilisha fedha mjini, ukamwomba ile taa yake ya kukagulia noti. Alikupa. Alisema, "Chukua, Mzee. Dola bandia mimi naijua kwa vidole."

Zinki uliipata kwenye maganda ya betri za tochi. Tindikali uliitoa kwenye mashati ya poliesta ya mitumba, ukiyachemsha na kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, kwenye ile sufuria. Nyumba nzima ilinuka. Mama alisimama mlangoni amejifunga kitenge puani, akasema, "Wenzako wananunua mashati wayavae, wewe unayapika." Ukamjibu bila kugeuka, "Yakiiva nitakuita."

Hayakuiva kwa muda mrefu, Baba. Hilo nalikumbuka kuliko vyote. Nilikuwa nikitoka kufundisha nakukuta stoo, umeziba dirisha kwa blanketi, umewasha taa, unatazama kijiko cha unga ambacho hakiwaki. Unaandaa mwingine. Hauwaki. Umeme unakatika. Unarudi, unaandaa mwingine. Sikuwahi kukuona ukipiga kitu wala kulaani. Ulikuwa tu unaosha chupa. Nikikuuliza unasema, "Leo nimejua namna nyingine isiyofaa."

Halafu ile asubuhi ya Jumamosi. Uliniita, "Koku, njoo." Niliingia ukanifungia mlango. Kwenye sahani palikuwa na unga kama wa muhogo, na chini ya taa ulikuwa unatoa mwanga wa buluu hafifu, kama moto wa jiko la mafuta unapotaka kuzimika. Ukadondoshea mkojo wako. Tukangoja. Sehemu ile iliyolowa ikafifia, ikawa kama kivuli cha kidole. Ukadondoshea wangu pembeni, ule mwanga ukabaki. Wa Mama, ukabaki. Ulikaa juu ya gunia la mahindi, ukaweka mikono magotini. Nikasema, "Baba, imekubali." Ukasema, "Usiniamini mimi, Koku. Wala usiuamini unga. Tupime wengi."

Tukapima wengi. Sijui majirani walituvumiliaje. Mzee mwenye mvi anabisha hodi na chupa tupu, anawaomba watu mkojo. Wapo waliosema umechanganyikiwa baada ya kupunguzwa kazi. Wapo waliokupa kwa heshima ya mvi zako tu. Na hapo unga ukaanza kutuchanganya. Mkojo wa wengine uliwaka wenyewe, buluu kali kuliko unga. Ulihangaika sana na hilo mpaka ukagundua kwamba wote walikuwa wamemeza klorokwini. Dawa ya malaria inang'aa chini ya taa ile, na katika mji huu nani hajameza klorokwini? Ukasema, "Ziwa lote hili lina mbu, na mbu wamenishinda." Kisha unga ukafifia kwa Mama Neema, jirani yetu, ambaye hana tatizo lolote mpaka leo. Alilia siku mbili. Ulikwenda mwenyewe kumwomba radhi, ukamweleza kwamba unga ni mjinga bado.

Nayasema haya yote kwa sababu sitaki kukupamba. Ungenikasirikia.

Ndipo ukampima Asimwe, kwa kuwa ulisema ugonjwa wa ukoo unaweza kumruka mzazi ukamshika mtoto. Alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Alikuletea mkojo kwenye kikombe cha plastiki, anatembea taratibu usimwagike, akidhani ni mchezo wenu. Unga ukafifia. Kesho yake ukafifia. Kesho kutwa ukaandaa unga mpya kabisa, ukamuuliza Mama mara mbili kama mtoto amepewa dawa yoyote, ukafifia tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona bega lako la kushoto linashuka.

Siku hiyo hiyo ukaanza kumpa maji, na kesho yake tulikwenda kwa Daktari, yule dada kijana wa wodi ya watoto. Hakukucheka. Alikusikiliza mpaka mwisho, akapeleka mkojo maabara wautazame kwa hadubini, na jibu likarudi: hakuna kitu. Akasema, "Mzee, siwezi kuandika ugonjwa kwa unga ambao haujathibitishwa. Lakini maji hayana madhara. Mpeni." Ukamshukuru. Njiani ukaniambia, "Amesema kweli. Mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo."

Tangu siku ile mtoto akawa ananyweshwa kwa ratiba. Asubuhi, shuleni, mchana, jioni, na akiamka kujisaidia anakunywa tena. Ulisema anywe mpaka mkojo uwe kama maji ya mvua. Alipoanza darasa la kwanza akaniletea malalamiko ya mwalimu, kwamba anatoka nje kila mara na kuvuruga darasa, ulivaa koti lako la kanisani ukaenda mwenyewe, na wakati huo miguu yako ilikuwa imeshaanza kuvimba. Mwalimu alikuja kunisimulia baadaye, msibani. Alisema ulimwambia, "Mwalimu, mimi ni mtu wa rangi za nguo tu, sikufundishi kazi yako. Ila huyu akizuiwa kwenda chooni hatakunywa. Asipokunywa ataumwa ninavyoumwa mimi." Alimhamishia dawati la karibu na mlango. Asimwe bado anakaa karibu na mlango.

Baba Asimwe alikuwa Geita, kama alivyo hata sasa, anakuja mwisho wa mwezi. Alipoona ndoo zimejipanga alisema, "Baba mkwe ametuletea kazi." Lakini ndiye aliyenunua chupa ya shule yenye kamba.

Kisha wewe ukaanza kuondoka. Figo zako zilikuwa zimekwisha, na katika mji wetu hapakuwa na la kufanya. Chakula ukasema kina ladha ya shaba. Ukawa unajikuna ngozi. Na bado ulikuwa unataka uletewe chupa zako kitandani. Unga wa mwisho haukuwaka, ulinyonya unyevu wa masika ukawa kama uji. Nilikufuta mikono, nikaondoa sahani, ukaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi wiki hii. Ulisema, "Koku, labda nimemnywesha mtoto maji bure."

Nikakujibu, "Maji hayajamdhuru, Baba."

Ukafumba macho. "Hilo siyo jibu la mkemia."

Ulikufa kabla ya mvua kukatika, bila kujua kama maji yale yalikuwa ya bure. Hilo ndilo lililonielemea zaidi ya msiba wenyewe. Tulikuvusha kwa meli, tukakuzika, watu wakasema ulikuwa mtu mwema. Ni kweli. Lakini nilitaka mmoja tu asimame aseme kama ulikosea au hukukosea. Hapakuwa na anayejua.

Nikaendelea kumnywesha. Wakati mwingine kwa hasira, nitakwambia ukweli. Mtoto anasinzia, unamkalisha, anasukuma kikombe, maji yanamwagika kifuani, na moyoni unajiuliza: kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kivuli cha kidole kwenye sahani? Kuna wiki ambazo sikuamini hata kidogo. Nilimnywesha kwa sababu uliniambia, basi.

Sasa sikiliza.

Mwezi huu Asimwe aliugua malaria, ile ya kutapika. Kila alichokunywa kilirudi. Maji yako yote yakarudi. Siku ya pili nzima hakubakiza tone tumboni, na mkojo aliotoa asubuhi ya tatu ulikuwa kidogo, wa njano nzito. Tukampeleka hospitali, wakamtundikia maji na kwinini. Yule Daktari wako alikuwa zamu. Aliponiona aliuliza, "Yule mzee wa unga hajambo?" Nikamwambia. Akasema pole, akaugusa mkono wangu. Kisha kama mtu aliyekumbuka kitu akauliza kama mkojo wa asubuhi upo. Ulikuwepo, nilikuwa nimeubeba kwenye chupa, kwa mazoea uliyonifundisha. Akauchukua akauzungushia barafu ili kilichoyeyuka kigande, akaenda nao maabara mwenyewe.

Alirudi akasema, "Mama Asimwe, njoo uangalie."

Niliinama kwenye ile hadubini. Mwanzoni niliona ukungu tu. Mtaalamu wa maabara akanisogezea. Halafu nikaziona, Baba. Fuwele bapa, angavu, kila moja ina pembe sita, nyingine zimepandiana kama vigae vya kioo. Ni nzuri. Sikutegemea ziwe nzuri. Daktari alisema hakuna kitu kingine mwilini kinachotengeneza umbo hilo kwenye mkojo ila sistini, na kwamba yeye alikuwa hajawahi kuziona ila kitabuni. Akaniambia pia kwa nini mara ya kwanza hazikuonekana: mtoto siku ile alikuwa amekunywa maji mengi, yakaziyeyusha zote. Tulikuwa tumemnywesha kabla hatujampeleka. Tulizifuta sisi wenyewe.

Kisha wakampiga picha ya figo. Hakuna jiwe. Hata moja. Miaka yote hii, hakuna jiwe.

Daktari akasema, "Mzee alimwona mtoto huyu kabla yetu. Na maji ndiyo yaliyomlinda. Msiache."

Watu wangedhani nilifurahi. Nilikwenda nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilichotaka ni kushuka ule mlima haraka, nifike nyumbani nikwambie, na nilikuwa nimeshasimama ndipo nikakumbuka. Nikakaa tena. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akanisogezea leso yake.

Ule unga wenyewe umekufa, Baba. Nimejaribu. Nimechukua betri, nimechemsha shati, Mama amenifokea kama alivyokufokea wewe, na nilichopata hakiwaki. Daktari aliniuliza kama naweza kuutengeneza tena. Nilimweleza ninayoyakumbuka, akasema labda siku moja, mahali penye dawa safi na taa isiyozimika, watu watafika ulikokuwa unakwenda. Labda wameshafika huko kwenye nchi za majarida. Sitasema kwamba ulimaliza kazi. Ulimwona mtoto mmoja. Kwa Mama Neema ulikosea, kwa wenye klorokwini hukuona kitu. Lakini kwa huyu uliona sawasawa, na uliona kwa wakati. Hilo ndilo jibu la mkemia. Nasikitika limechelewa.

Jumamosi nitavuka kwenda Kamanga kwa watoto wa Baba mdogo Felisian. Mjane wake nimeshamtumia salamu kwamba wasinywe kitu alfajiri mpaka nifike, na mkojo wa kwanza wauhifadhi. Daktari amekubali kuutazama. Kama wana ugonjwa huu, watajua wakiwa bado wadogo. Atalia, najua, na atasema ni uchawi wa shemeji zake. Nitakaa naye mpaka aelewe. Nimechoka, lakini hilo naliweza.

Lala salama, Baba, hapo kwenye migomba. Siwezi kukuahidi unga. Nakuahidi mtoto. Nitamnywesha akiwa na usingizi na akiwa na hasira, nami nikiwa na usingizi na hasira, mpaka awe mkubwa wa kujinywesha mwenyewe, na hata hapo nitamwuliza.

Saa imefika, namwona anajigeuza kitandani. Kikombe kiko tayari. Atasukuma mkono wangu, atasema hana kiu. Nitamwambia siyo kwa ajili ya kiu.

Mwanao,
Kokushubira